Sindano ya Malale na Tezi za Juu ya Figo

(Somo hili lilisomwa redioni kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Limepigwa chapa hapa ili darasa lilisome tena pole pole. Mwalimu wa darasa asome kwanza kwa sauti, kisha wanafunzi wasome kwa zamu.)

Kaeni vizuri, na mwenye kitabu akifungue.

Leo tuna somo la historia. Hatutasoma habari za wafalme wala za vita. Tutasoma habari za dawa moja iliyofika katika nchi yetu karibu miaka mia iliyopita, na jinsi ilivyogusa kiungo kidogo sana mwilini ambacho wengi wetu hatujapata kusikia jina lake.

Kabla ya kuanza, nawaulizeni swali. Mtu ameugua ugonjwa mkali. Amepelekwa hospitali, amepigwa sindano, na wadudu wa ugonjwa wamekufa wote. Lakini majuma yanapita, naye hana nguvu. Akisimama, kizunguzungu. Akila, anatapika. Majirani wanasema, “Huyu amekuwa mvivu.” Wengine wanasema, “Huyu amerogwa.” Je, yawezekana kwamba dawa iliyomwokoa ndiyo iliyomwachia udhaifu huu? Likumbukeni swali hili. Tutalijibu kabla somo halijaisha.

1. TEZI NI KITU GANI?

Kila mmoja wetu amepata kuona mbuzi akichinjwa. Ukimpasua tumbo, utaziona figo mbili zimefunikwa na mafuta. Ukiyaondoa mafuta yale kwa uangalifu, karibu na kichwa cha kila figo utaona kinofu kidogo. Kinofu hicho ni tezi. Binadamu naye anazo mbili, moja juu ya kila figo. Kwa mtu mzima uzito wa kila moja ni kama gramu 4 au 5, yaani sawasawa na kijiko kimoja cha chai cha sukari. Wataalamu huziita tezi za adrenali. Sisi leo tutaziita tezi za juu ya figo.

Kazi ya tezi hizi ni kutengeneza homoni na kuzimwaga katika damu. Homoni ni mjumbe. Hutoka mahali pamoja, husafiri na damu, na hupeleka amri mahali pengine.

Tezi ya juu ya figo ina sehemu mbili, kama yai lenye kiini na ute. Sehemu ya ndani hutoa homoni iitwayo adrenalini. Mvuvi aliye katikati ya ziwa usiku, akiona wingu jeusi na upepo unaanza kuvuma, moyo wake hudunda mbio, usingizi humtoka, mikono hupata nguvu ya kupiga kasia. Hiyo ni kazi ya adrenalini. Nikotini ya tumbaku na kafeini ya kahawa nazo huichokoza sehemu hii ya ndani, na ndiyo sababu moja mtu aliyevuta sigara husikia moyo ukienda mbio.

Sehemu ya nje hutoa homoni nyingine. Moja huitwa kotisoli. Huanza kuongezeka alfajiri kabla hatujaamka, nayo husaidia kushika sukari ya damu na nguvu ya msukumo wa damu. Mtu akiugua au akiumia, mwili huhitaji kotisoli nyingi zaidi. Homoni nyingine ya sehemu ya nje huzuia chumvi isipotee katika mkojo. Mtu asiye na homoni hizi kabisa hawezi kuishi.

Sasa, nani huiamuru tezi? Fikirini karakana moja. Yuko bwana mkubwa, yuko karani, na yuko fundi. Bwana mkubwa ni ubongo. Karani ni tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo. Fundi ni tezi ya juu ya figo. Bwana mkubwa akiona ghala linapungua kotisoli, humwambia karani, karani humpelekea fundi barua, na fundi hufanya kazi. Ghala likijaa, barua hukoma, na fundi hupumzika. Mfano huu wa karakana tutauhitaji tena huko mbele.

2. MALALE YAINGIA ZIWANI

Sasa turudi katika historia. Mwaka 1901 madaktari wawili ndugu, Albert Cook na Jack Cook, waliokuwa Mengo katika Uganda, waliwaona wagonjwa waliokuwa wakisinzia mchana, wakikonda, na mwisho wakifa. Ulikuwa ugonjwa wa malale. Mwaka 1903 Aldo Castellani na David Bruce walionyesha kwamba ugonjwa huu huletwa na kijidudu kidogo kinachoishi katika damu na katika maji ya ubongo, na kwamba kijidudu hicho huchukuliwa na mbung'o.

Malale yale yaliteketeza watu wa mwambao wa kaskazini wa ziwa na wa visiwani. Hukisiwa kwamba katika miaka michache ya mwanzo walikufa watu karibu 250,000. Mwaka 1909 serikali ya Waingereza ya Uganda iliwahamisha watu wa visiwa vya Ssese, na visiwa vikabaki vitupu.

Wajerumani, waliokuwa wakitawala upande wetu wa ziwa, waliogopa malale yasije yakashuka kusini. Mwaka 1906 daktari wao mashuhuri, Robert Koch, alifika Mwanza pamoja na wasaidizi wake. Mmoja wao aliitwa Friedrich Karl Kleine. Likumbukeni jina lake. Kwa kuwa wagonjwa wengi walikuwa Ssese, Koch alihamia huko, akawatibu watu kwa dawa yenye aseniki, iitwayo Atoxyl. Maana ya jina hilo ni “isiyo sumu.” Lakini jina la dawa silo tabia yake. Baadhi ya wagonjwa waliopewa Atoxyl kwa wingi walipofuka macho, wala hawakuona tena.

Hili ndilo funzo la kwanza la historia yetu. Dawa hupita njia ya damu, na damu hufika kila mahali. Atoxyl ilitumwa kumwua kijidudu, ikaua na mishipa ya macho.

3. DAWA YA SIRI

Baada ya hasara ile, wataalamu walitafuta dawa nyingine isiyo na aseniki. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wataalamu wa kampuni ya Bayer katika Ujerumani waliipata. Walikuwa wamejaribu mamia ya madawa yaliyotokana na rangi za kutilia nguo. Dawa yenyewe waliiita Bayer 205. Baadaye ikaitwa Germanin, na siku hizi jina lake ni suramini.

Vita vilipokwisha, Ujerumani ilikuwa imenyang'anywa makoloni yake yote, na Tanganyika ilikuwa mojawapo. Bayer hawakumwambia mtu jinsi dawa ilivyotengenezwa. Walikuwako Wajerumani waliosema hadharani kwamba dawa hii ni ufunguo wa Afrika, na kwamba Ujerumani isiutoe ufunguo huo bure. Basi dawa ya mgonjwa ikawa kitu cha kubishania nchi za watu. Siri ilidumu mpaka mwaka 1924, mtaalamu wa Ufaransa, Ernest Fourneau, alipoigundua kwa akili yake mwenyewe na kuitangaza.

Na nani aliyeileta dawa hii Afrika kuijaribu? Ni yule yule Kleine, aliyekuwa na Koch mwaka 1906. Tangu mwaka 1921 alizunguka Rodesia ya Kaskazini na Kongo ya Wabelgiji akiwatibu wagonjwa. Dawa ilifanya ajabu. Mtu ambaye malale yalikuwa bado katika damu, hayajaingia ubongoni, alipigwa sindano chache za mshipa, akapona.

4. MALALE KARIBU NA MWANZA

Wakati huo huo ugonjwa ulitokea kwetu. Mwaka 1922 malale yaligunduliwa katika wilaya ya Maswa, mashariki ya Mwanza. Daktari Lyndhurst Duke alitoka Uganda kuja kuchunguza. Bwana Swynnerton, aliyekuwa mtaalamu wa wanyama na mbung'o, alichunguza mapori. Wote wawili waliandika habari hizo mwaka 1923. Malale haya yalikuwa ya namna nyingine, makali zaidi kuliko yale ya Uganda ya mwanzo. Yaliletwa na mbung'o wa porini, si yule wa kando ya maji, na mtu aliweza kufa katika muda wa miezi michache.

Watu walihamishwa kutoka maporini wakakaa pamoja katika vijiji vikubwa. Usukumani watu walifyeka vichaka kwa mikono yao, ili mbung'o wakose kivuli. Na wagonjwa walipigwa sindano. Mwaka 1932 madaktari Maclean na Fairbairn waliandika habari za wagonjwa wa Tanganyika waliotibiwa kwa Bayer 205 pamoja na dawa nyingine ya aseniki. Wengi ambao bila sindano wangalikufa walirudi majumbani mwao. Tusilisahau hilo. Somo la leo halikusudii kumtia mtu hofu ya sindano. Bila dawa, malale haya huua.

Lakini suramini ina tabia moja. Ikiingia katika damu hushikamana nayo, haitoki upesi. Kiasi kile kilichomo hupungua nusu kwa muda wa majuma saba hivi. Kwa hiyo, mtu aliyepigwa sindano wakati wa kupanda bado anayo mabaki ya dawa wakati wa kupalilia na baada yake. Na wakati wote huo dawa inapita katika figo, katika ini, na katika zile tezi za juu ya figo.

Katika miaka ya 1920 hakuna daktari hapa aliyeweza kupima kotisoli, kwa maana homoni hiyo ilikuwa haijajulikana bado. Mgonjwa aliyesema, “Sina nguvu,” alikuwa ametoka katika malale, na malale yenyewe hunyong'onyeza. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba udhaifu wote ni mabaki ya ugonjwa.

5. TEZI ZILIZOHARIBIKA

Ujuzi wa tezi hizi ulikuja pole pole kutoka mahali pengine. Mwaka 1855 daktari Thomas Addison wa London alieleza ugonjwa ambao mtu hukonda, huishiwa nguvu, hutapika, na ngozi yake huwa nyeusi kuliko ilivyokuwa. Walipokufa, wagonjwa hao walipasuliwa, na tezi zao za juu ya figo zikaonekana zimeharibika. Wengi zilikuwa zimeliwa na kifua kikuu. Mpaka leo ugonjwa huo huitwa ugonjwa wa Addison.

Sasa sikilizeni. Katika miaka ya 1930, madaktari wa Marekani walikuwa wakiwapa Germanin watu wenye ugonjwa fulani mbaya wa ngozi unaotoa malengelenge. Watu hawa hawakuwa na malale hata kidogo. Baadhi yao walipokufa na kupasuliwa, sehemu ya nje ya tezi zao ilikuwa imekufa. Mwaka 1941 ilitangazwa kwamba wanyama waliopewa dawa hiyo kwa majaribio nao waliharibika sehemu hiyo hiyo. Hapo haikuwezekana tena kusema kwamba ni malale. Ilikuwa ni dawa.

Miaka ikapita. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania walitambuliwa ng'ambo ya pili ya ziwa letu, katika mkoa wa Kagera. Dunia nzima ilikuwa ikitafuta dawa. Wataalamu waliona kwamba ndani ya chupa suramini huzuia kirusi cha Ukimwi, wakaijaribu kwa wagonjwa wa Marekani katika miaka ya 1984 na 1985. Haikuwasaidia. Bali wengine kati yao, waliopewa dawa kwa majuma mengi, walipungukiwa homoni za tezi za juu ya figo, ikawabidi kupewa homoni hizo kwa vidonge. Safari hii madaktari walikuwa na vipimo vya damu, wakaona kwa macho yao tezi inavyonyamaza.

Kisha wakafikiri, “Ikiwa dawa hii huiua tezi, kwa nini tusiitumie kuua saratani ya tezi hiyo?” Wakajaribu, na wachache walipata nafuu. Basi dawa ile ile iliyopigwa mshipani Maswa ilirudi hospitali za Marekani kwa sababu ya dhara lake.

Hata hivyo, haki ni haki. Mgonjwa wa malale hupewa sindano chache kwa majuma machache, na mara nyingi tezi zake husalimika. Waliopewa nyingi kwa muda mrefu ndio walioumia zaidi. Tena katika miaka ya 1990 watafiti walipima damu za wagonjwa wa malale katika Uganda, wakaona kwamba ugonjwa wenyewe huidhoofisha tezi hata kabla ya dawa. Kwa hiyo swali letu la mwanzo lina majibu mawili. Huenda ni dawa, huenda ni ugonjwa. Lakini kwa vyovyote yule mtu si mvivu, wala hakurogwa. Yafaa apimwe damu.

6. DAWA INAYOIGA TEZI

Hadi hapa tumeona dawa inayomwua fundi. Sasa tuione dawa inayomlaza fundi usingizi. Hii yatuhusu zaidi, kwa sababu iko katika maduka ya dawa ya kila mji.

Mwaka 1948 daktari Philip Hench wa Marekani alimpa mgonjwa wa baridi yabisi, asiyeweza kutembea, homoni ya tezi iliyotengenezwa na wataalamu, iitwayo kotisoni. Baada ya siku chache mgonjwa akainuka. Mwaka 1950 Hench na wenzake Kendall na Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel. Baadaye zikatengenezwa dawa zinazofanana nayo, zenye nguvu zaidi. Mbili mnazijua: prednisoloni na deksamethasoni.

Dawa hizi zimeokoa watu wengi. John Kennedy, aliyekuwa Rais wa Marekani na aliyempokea Mwalimu Nyerere huko Washington mwaka 1963, alikuwa na ugonjwa wa Addison, akaishi kwa kutumia dawa za namna hii. Mwaka 2020 deksamethasoni ilionekana kupunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliohitaji kusaidiwa hewa. Hata katika malale zimesaidia. Malale yakiingia ubongoni, suramini haifiki huko. Kwa muda mrefu ilibidi kutumia melasoproli, dawa ya aseniki iliyopatikana mwaka 1949. Ilikuwa kali mno, hata katika kila wagonjwa 100 walikufa kama 5 au zaidi kwa ajili ya dawa yenyewe. Prednisoloni ilitolewa pamoja nayo ili kuukinga ubongo.

Sasa turudi katika ile karakana. Mtu akimeza prednisoloni kila siku kwa majuma mengi, ghala hujaa bidhaa zilizotoka nje. Bwana mkubwa hutazama, huona ghala limejaa, hamwambii karani neno. Barua hazitoki. Fundi hukaa bure, mikono yake hulegea, na tezi hunywea. Siku moja mtu yule anaacha vidonge ghafla. Ghala ni tupu, fundi amelala, na kumwamsha huchukua majuma, pengine miezi. Katika muda huo mtu akipata malaria kali, au ajali, au akipasuliwa, mwili wake hudai kotisoli nyingi na hauipati. Msukumo wa damu huanguka. Anaweza kufa.

Ziko na dawa nyingine zinazoigusa kazi hii. Ketokonazoli, dawa ya kuvu ikimezwa, humzuia fundi kutengeneza homoni. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulifanya ini liiharibu kotisoli upesi zaidi. Kwa mtu mwenye tezi nzima hilo si neno, fundi huongeza kazi. Kwa mtu ambaye tezi zake zimekwisha dhoofu, daktari hana budi kuangalia. Lakini mtu yeyote asiache dawa ya kifua kikuu kwa sababu ya maneno haya. Kuiacha ni kujiua.

7. NA SISI WA LEO?

Siku hizi malale ni machache sana katika Tanzania. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya, na sasa malale ya namna yetu yaweza kutibiwa kwa vidonge vya feksinidazoli. Bado mchungaji, mrina asali au mtalii aliye porini aweza kuumwa na mbung'o. Akipata homa baada ya kutoka porini na kipimo cha malaria kikawa safi, na amwambie daktari kwamba alikuwa porini.

Lakini zile dawa zinazoiga tezi zimo katika mikoba yetu. Wako watu wanaomeza deksamethasoni au prednisoloni ili wanenepe. Mashavu hujaa, nao hufurahi. Hawajui kwamba ni uvimbe na mafuta, wala hawajui kwamba sukari ya damu yaweza kupanda na mifupa kudhoofika. Wako wanaopaka krimu kali za jamii hiyo ili ngozi iwe nyeupe. Ngozi si ukuta. Krimu ikipakwa mwili mzima kila siku hupenya ikaingia katika damu, na fundi analala vile vile. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye dawa hizi na vyenye zebaki, lakini marufuku ya serikali haiwezi kuingia katika kila chumba cha kuogea. Ni wewe utakayeamua.

Wako pia wanaotumia dawa hizi kwa amri ya daktari, kwa ajili ya pumu au baridi yabisi. Hao wanafanya vema. Hatari yao ni moja: dawa ikiisha siku ambayo hawana nauli ya kwenda hospitali, wanaiacha tu. Usifanye hivyo, ndugu yangu. Tuma mtu, azima nauli, mwone mganga wa zahanati iliyo karibu. Dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo, kama mtu anavyoshuka ngazi.

Sasa shikeni mambo manne.

Kwanza, jua jina la dawa unayomeza. Wewe sasa unaweza kusoma. Soma maandishi ya kwenye boksi. Ukiona neno prednisoloni, deksamethasoni, betamethasoni au klobetasoli, hata kama limeandikwa kwa Kiingereza herufi zake ni karibu zile zile, ujue kwamba dawa hiyo inaigusa tezi.

Pili, usianze dawa hizi wala usiziache bila ya shauri la mganga.

Tatu, ukienda kutibiwa, hasa ukiwa utapasuliwa, sema dawa zote ulizotumia katika mwaka uliopita, na krimu pia. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha dawa naye ni hivyo hivyo.

Nne, mtu aliyepona ugonjwa akisema hana nguvu, mwaminini. Wale wagonjwa wa zamani walikuwa na miili yao, nao walijua hali zao. Kipimo ndicho kilichokuwa hakijapatikana. Leo kipimo kipo katika hospitali kubwa, na huko Mwanza hospitali ya Bugando imekuwa ikitibu watu wa kanda yote ya ziwa tangu mwaka 1971.

Huo ndio mwisho wa historia yetu ya leo. Kutoka kwa mbung'o wa Ssese hadi vidonge vya dukani, ni dawa nyingi zilizopita katika damu ya watu wa ziwa hili. Zimeokoa watu, na zimeumiza watu. Anayesoma na kuuliza hupata ule wokovu na kuepa yale maumivu. Kwaherini, nanyi mfanye kazi ifuatayo kabla ya somo lijalo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Tezi: kiungo kinachotengeneza homoni au maji mengine ya mwili.
Homoni: mjumbe anayesafiri katika damu.
Malale: ugonjwa wa kusinzia unaoletwa na mbung'o.
Suramini: dawa ya sindano ya malale, jina lake la kwanza Bayer 205.
Prednisoloni: dawa inayoiga homoni ya tezi za juu ya figo.

MASWALI

1. Tezi za juu ya figo ziko mahali gani, nazo hutoa homoni zipi?
2. Kwa nini Atoxyl haikustahili jina lake?
3. Malale yaligunduliwa mwaka gani katika wilaya ya Maswa?
4. Madaktari walijuaje kwamba ni dawa, wala si malale, iliyoharibu tezi?
5. Eleza kwa mfano wa karakana kwa nini prednisoloni haiachwi ghafla.
6. Kazi ya nyumbani: Chukua boksi moja la dawa au la krimu lililo nyumbani kwako. Andika katika daftari jina la dawa iliyomo. Lilete darasani, mlisome pamoja.